Supu ya Bondo

Mwaloni, Kirumba, jua halijapata nguvu.
Mabondo ya sangara nimeyaanika juu ya kichanja,
yamejikunja kama masikio ya mzee,
na Lan amekwisha kufika
na mizani yake ndani ya begi la mgongoni,
maana yangu haiamini,
na yake mimi siiamini,
basi tunapima mara mbili.
Ndivyo tulivyozoeana.

Kiswahili kafundishwa na wapagazi:
alijua matusi kabla ya shikamoo.
"Minza, uliolewa lini?"
Mwaka ule nilipofeli la saba.
Ng'ombe kumi na wawili, mmoja chongo.
Alimcheka huyo chongo
mpaka akakalia kreti la watu.

Yeye ana thelathini na minne. Hana mume, hana mtoto.
Wenzangu wa kichanja cha pili wanasema tasa,
wanasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida,
kama mtu anayetaja bei ya dagaa.

Bibi yake, aliniambia, aliolewa na miaka kumi na sita,
akazaa saba, akazika watatu.
Mama yake alizaa mmoja:
karatasi ya serikali ilisema mmoja,
na wa pili, kama alikuwapo, nyumbani hatajwi.
"Sasa serikali ileile inabembeleza.
Zaeni wawili. Jamani, hata watatu."
Akainua bondo, akalipitisha kwenye mwanga
kutafuta damu iliyogandia ndani.
"Na sisi tumenyamaza.
Nyumba ghali. Kazi mpaka usiku.
Halafu mimi napenda kulala."

Saa saba mchana mama yake hupiga simu ya picha,
kwao jua linazama.
Siku moja aliniona nyuma ya bega la Lan,
akauliza nina watoto wangapi.
Nikamwonyesha kiganja, vidole vyote.
Yule mama akakitazama kiganja
kama mtu atazamavyo chakula cha jirani,
akasema neno, Lan akakataa kulitafsiri.
Nikamng'ang'ania.
"Anasema wewe ni tajiri."
Mwambie tajiri anadaiwa ada ya mihula miwili.

Sikumwambia habari ya Kabula wangu,
yule wa chuo, Nyegezi.
Amekuja likizo, amelala chali, mkono nje ya shuka,
nikamgusa ili nimfunike,
nikakuta kijiti chini ya ngozi,
kidogo, kigumu, kama njiti ya kiberiti.
Nikamfunika.
Mwana hutazama kisogo cha nina, walisema wahenga.
Akishatazama afanye nini,
hilo hawakusema.

"Haya mabondo," nilimwuliza Lan, "huko kwenu hula nani?"
"Mzazi. Akijifungua tu.
Mama mkwe humpikia supu,
mwezi mzima hatoki ndani, arudishe damu."
Miaka mitatu ananunua, anafunga, anasafirisha,
magunia kwa magunia ya mwezi wa uzazi
ambao si wake.
Mimi nimezaa mara tano
kwa uji wa pilipili manga,
wala bondo sijalionja. Bondo ni ada. Bondo ni bati.

Milembe, mkubwa wangu, alipojifungua Bugando,
Lan alikuja nyumbani na bondo moja kubwa,
nikalijua: nilimwuzia mimi, Alhamisi,
nikabisha gramu mbili, nikashinda.
Alililoweka tangu jana yake.
Akachutama mbele ya jiko langu la mkaa,
akakata tangawizi kwa kisu cha kuparulia magamba.

Tukanywa. Inateleza, haina ladha,
kama gundi iliyosikia habari za samaki.
Milembe alikunja uso, akamrudia mtoto.
Lan akamaliza bakuli, akajiongeza.
"Wewe hujazaa," nikamtania.
"Lakini nimechoka," akasema,
akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili.

Jumatatu akaja na mizani yake.